Mtu Aliyekimbia na Familia Yake

Niliombwa niandike juu ya malezi ya vijana. Nimeandika juu ya gemu. Najua wapo wazee wenzangu watakaoifunga karasa hii sasa hivi, maana mimi mwenyewe ningeifunga miaka michache iliyopita. Nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu habari yenyewe inatuhusu sisi tuliokimbia kuliko inavyowahusu wao wanaocheza.

Gemu hilo linaitwa inFamous. Lilitengenezwa Marekani na kampuni ya Sucker Punch, likatoka mwaka 2009 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 3. Mara ya kwanza nililiona mjini Tabora mwaka 2011. Nilimfuata mtoto wa dada yangu katika chumba cha kuchezea, nikamkuta anamwendesha mtu mmoja mwenye kichwa cha kunyolewa, mikono inatoa umeme, magari yanalipuka. Nilimshika sikio nikamtoa nje. Nilidhani ni uchawi, au kama si uchawi basi ni upuuzi, na sikutaka kujua zaidi.

Mwaka jana nilikwenda Minago. Kwa wale ambao hamkupata kusimuliwa, Minago ni senta iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kaskazini ya mji wa Rumonge ukielekea Bujumbura. Ndiko walikotoka wazazi wangu. Nilipanda treni hadi Kigoma, nikapita Manyovu, Mabanda, Nyanza-Lac na Rumonge, na kuanzia Nyanza-Lac barabara inafuata maji na michikichi. Nilikuwa nakwenda kumzika baba mdogo, yule aliyebaki. Ziwa lilipanda sana mwaka 2024, na sehemu ya ufukwe niliyoionyeshwa katika safari yangu ya kwanza sikuiona tena.

Matanga yalipokwisha nilibaki majuma mawili kumsaidia mama mdogo mambo ya shamba. Mtoto wao wa mwisho ana chumba kando ya mwalo, ana runinga mbili na mashine kuukuu aliyoinunua Bujumbura. Vijana wanalipa kwa saa. Sasa, wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku kuwavuta samaki, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi na hawaendi ziwani. Siku hizo chumba kile kinajaa. Mimi nilikuwa sina usingizi. Jioni ya kwanza nilikaa nyuma kwenye benchi, nikamwona tena yule mtu wa Tabora mwenye umeme mikononi. Safari hii nilikaa mpaka mwisho, tena usiku kumi. Siku ya tatu wakanipa maneti, ndivyo wanavyokiita kile kidude cha kuchezea kwa Kifaransa chao, wakanicheka sana.

Habari yake ni hii. Kijana anaitwa Cole, kazi yake kupeleka vifurushi kwa baiskeli. Siku moja anatumwa kifurushi, anakifungua, kinalipuka na kuua maelfu ya watu katikati ya mji. Yeye anapona, na tangu hapo ana nguvu ya umeme mwilini. Baadaye ugonjwa unaingia mjini, serikali inalifunga daraja, hakuna kutoka. Magenge yanatawala mitaa. Wewe mchezaji unamwendesha Cole mji mzima, anapanda maghorofa kama nyani, unakwenda utakako. Na kila mara unaulizwa kuchagua: jema au baya. Ukichagua mema rangi yako ni ya buluu na watu mitaani wanakushangilia. Ukichagua mabaya unakuwa mwekundu na watu wanakurushia mawe.

Kitu kimoja kiliwafurahisha mno vijana wa Minago. Huyu shujaa hawezi maji. Akitumbukia kwenye maji ya kina, umeme wake unamgeukia naye anafariki papo hapo. Wavuvi walikuwa wanamtupa baharini makusudi wapate kucheka. Mmoja alisema, huyu akiletwa hapa kwetu tungempa kazi ya kuchaji taa tu.

Uchaguzi wa kwanza ni wa chakula. Mji una njaa, ndege inadondosha mzigo wa chakula, unanasa juu ya sanamu katikati ya uwanja. Cole anaungusha. Hapo unaulizwa: uwaache watu wote wale, au uwafukuze kwa umeme, chakula kibaki chako na rafiki zako wawili? Wavuvi wote wakapiga kelele, waache wale! Mimi nikanyamaza. Wazazi wetu walipofika hapa msituni kwa mara ya kwanza walikula chakula cha kugawiwa, na hakuna mzee wa Ulyankulu asiyejua foleni ilivyokuwa. Niliona gemu linadanganya kidogo. Shujaa akigawa chakula hapungukiwi kitu, hata tumbo lake halimwambii neno. Anayegawa hali ana watoto watatu nyumbani, huyo ndiye ningependa aulizwe. Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Mtu aliyeandika sehemu ile alijua kwamba jambo la kwanza mji ukifungwa ni chakula, si vita.

Kisha watu wanajaribu kutoka darajani na askari wanawafyatulia risasi. Unachagua kutangulia mwenyewe au kuuacha umati utangulie ufe. Hapo hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliyewahi kukimbilia Tanzania mwaka 2015, akapita Kagunga wakati wa kipindupindu na kupakiwa katika meli ya Liemba hadi Kigoma, alitoka nje akavuta sigara mpaka sehemu ile ikaisha.

Nisiwachoshe na mengi. Adui mkubwa wa gemu ni mzee mmoja anaitwa Kessler. Anamteka Trish, mpenzi wa Cole, anamning'iniza juu ya jengo moja, na juu ya jengo la pili anawaning'iniza madaktari sita. Muda unatosha kuokoa upande mmoja. Tulibishana usiku mzima juu ya hili. Wengi walisema madaktari, maana sita watatibu mia. Ndugu yangu mwenye chumba alisema mpenzi wake, na kwamba anayesema vinginevyo hajaoa. Tulijaribu njia zote mbili. Ukiwaokoa madaktari, Trish anaanguka na kufa. Ukimkimbilia Trish, unakuta umemwokoa mtu mwingine aliyewekwa pale kukudanganya, na Trish mwenyewe alikuwa kati ya wale madaktari. Anakufa tu. Vijana walikasirika, wakasema ni wizi. Mimi niliona hapo ndipo gemu linasema kweli kuliko mahali pengine pote. Kuna usiku ambao mtu anachagua kwa moyo wake wote, na lililofichwa gizani lilishaamua.

Lakini sijafika kwenye kile kilichoninyima usingizi. Mwishoni Cole anapigana na Kessler anamshinda, na Kessler akiwa anakufa anamwonyesha ukweli. Kessler ni Cole mwenyewe, aliyezeeka, aliyerudi kutoka miaka ijayo. Katika maisha yake ya kwanza alimwoa Trish, wakapata watoto. Akatokea adui wa kutisha, wanamwita Mnyama (si yule wa Ufunuo, msinitumie barua), akaanza kuiangamiza dunia. Kessler alikuwa na nguvu za kupigana naye. Hakupigana. Alichukua mke na watoto akakimbia, miaka na miaka, mahali hadi mahali, mpaka wakakamatwa na familia ikafa. Ndipo akatumia nguvu iliyobaki kurudi nyuma, ili amkaze Cole kijana asije akakimbia kama yeye. Trish alimwua makusudi. Alimwua mke wake mwenyewe wa zamani, ili kijana azoee kupoteza.

Runinga ilikuwa inaendelea, mimi nilikuwa namwona baba.

Baba yangu alikimbia Minago mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule waasi walizuka huku pwani, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua watu, na baada yao jeshi likaua watu wengi zaidi sana nchi nzima, majuma hadi miezi. Baba alikuwa na mtumbwi mmoja. Usiku aliwachukua mama na dada yangu aliyekuwa ananyonya, wakapiga makasia kuelekea kusini, mchana wanajificha kwenye matete, mpaka Kigoma. Baba mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili, yatima, baba ndiye aliyekuwa anamlea. Usiku ule hakuonekana. Baba alimwita mara mbili tatu kwa sauti ndogo, akaogopa, akaondoka.

Mimi nilizaliwa hapa makazini. Wanaomkumbuka baba wanajua alikuwa mtu wa kazi, mkimya, na wanaonijua mimi wanajua sijawahi kumsema vibaya. Leo nasema. Alitulea kama askari. Alituamsha usiku wa manane, mvua ikinyesha, tusimame uani. Ukilia unaongezewa muda. Alitukaririsha majina ya watu, nani alimfanyia nini nani, ukoo gani ni wa nyoka. Alisema mimi nilikimbia kama kuku, ninyi hamtakimbia. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nawachukia watu ambao sijawahi kuwaona, kwa majina yao na ya baba zao. Alidhani anatuandaa.

Hapo basi ndipo swali langu, nami nawaomba tulitazame polepole. Je, kukimbia kulikuwa kosa? Gemu linaelekea kusema ndiyo. Kessler alikimbia, dunia ikateketea, basi asingekimbia. Nikalipinga kwanza kwa njia rahisi: Kessler alikuwa na umeme mikononi, baba alikuwa na kasia. Asiye na nguvu ya kuzuia mauaji hadaiwi kuyazuia. Hata Yusufu alipoonywa juu ya Herode hakwenda kupigana na askari, alimchukua mtoto na mama yake akaenda Misri, na watoto wengine wa Bethlehemu walibaki. Sijasikia mhubiri yeyote akimlaumu.

Lakini jibu hilo lilinichosha kabla ya asubuhi. Baba hakuwa na umeme, lakini alikuwa na mtumbwi, na mtumbwi ni nguvu usiku ambao jirani hana mtumbwi. Angeweza kungoja saa moja zaidi. Angeweza kuingia kwenye michikichi kumtafuta mtoto. Pengine angempata, pengine wangekufa wote wanne na mimi nisingezaliwa niandike haya. Siwezi kusema hakuwa na uchaguzi. Naweza kusema alikuwa na uchaguzi na mtoto mchanga mgongoni mwa mkewe. Kumtanguliza aliye mgongoni si ubinafsi kama ule wa kufukuza watu wenye njaa. Ni mapenzi yaliyofika mwisho wa urefu wake. Mkono wa mtu una urefu, na baba asingelaumiwa kwamba mkono wake ulikuwa wa mtu.

Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nabishana na sehemu isiyo yenyewe. Dhambi ya Kessler si ile safari ya kukimbia. Ningekaa naye, ningelia naye. Dhambi yake ni alichokifanya na uchungu wa safari ile. Alishindwa kuubeba, akamtwisha kijana. Akaita kumwandaa. Alihesabu kwamba maumivu yaliyomjia yeye kama ajali, akimpa mwingine kwa makusudi, yatakuwa dawa. Na mtu aliyemtwisha hakuwa mgeni, alikuwa yeye mwenyewe akiwa bado hajakosa lolote. Watoto wetu ni nini kama si hicho?

Mvuvi mmoja alinipinga, na alinipinga vizuri. Alisema, mzee, lakini Mnyama yupo kweli. Bila Kessler yule kijana angekuwa laini, na wote wangekufa. Wewe unasema baba yako alikosea kuwakaza, je, mwaka 1993 haukuja? Mwaka 2015 haukuja? Nilikaa kimya muda mrefu. Ni kweli ilikuja. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993 na watu wakauana tena, na waliokuwa wamekazwa na baba zao walikuwepo pande zote. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, ingawa sikulisema vizuri usiku ule. Kila ukoo ulikuwa na Kessler wake nyumbani akiwaandaa watoto kwa ajili ya Mnyama, na kila mtoto aliyeandaliwa alipotoka nje alimkuta Mnyama kweli, maana na yule wa ng'ambo alikuwa ameandaliwa vilevile.

Ndugu yangu mwenye chumba aliongeza jambo ambalo sikulijua. Iko sehemu ya pili ya gemu, ilitoka mwaka 2011. Humo Mnyama anakuja kweli, na inagundulika ni mtu. Anaitwa John, na katika sehemu ya kwanza alikuwa upande mmoja na Cole, wakisaidiana. Yule mvuvi akasema, basi Kessler angemwambia kijana amjue vizuri huyo John. Akaagiza chai kwa ajili ya wote.

Natakiwa niseme na la kwangu, isije ikaonekana baba peke yake ndiye wa kuhukumiwa. Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la sita aliniletea rafiki nyumbani. Nilimuuliza yule mtoto jina la babu yake. Alipolitaja nilimwambia mwanangu, mbele yake, asimlete tena. Lilikuwa mojawapo ya yale majina. Mtoto yule aliweka kikombe chini taratibu akaondoka. Serikali ya Tanzania ilikuwa imeshakubali kutupa uraia, vyeti vikatolewa mwaka 2014, na mimi bado nilikuwa nasimama uani kwenye mvua ya baba. Mwanangu sasa ni mtu mzima, anaishi Dar es Salaam, hajaleta rafiki nyumbani tangu siku ile.

Siku mbili kabla sijaondoka Minago nilimweleza mama mdogo habari ya gemu. Alicheka, akasema sasa mmezeeka mpaka mnacheza na watoto. Nikamweleza habari ya baba, jinsi alivyomwita mdogo wake asionekane, na jinsi alivyoishi na jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 2009. Aliacha kuchambua maharage.

Akasema, mume wangu alisikia akiitwa. Alikuwa juu ya mchikichi, karibu tu, pale penye kisima. Alisikia mara zote. Hakuitika kwa sababu aliogopa maji. Mtumbwi ulikuwa umewahi kupinduka naye. Alibaki juu mpaka kulipokucha, ndipo akaenda milimani kwa wajomba. Alimwambia mkewe mara moja tu, walipooana, na akamwomba asilitaje, kwa sababu aliona aibu kwamba kaka yake alifikiri amekufa.

Nimelitafakari hili tangu niliporudi. Mwanzoni lilinipa faraja, kwamba baba hakumwacha mtu, mtoto alichagua mwenyewe. Sasa nadhani faraja ile haikuwa sahihi. Baba alipoondoka hakujua chochote kuhusu mchikichi. Kama alikuwa hana hatia, hakuwa nayo hata kama mtoto angekuwa amelala chini ya kitanda. Kama alikuwa nayo, aibu ya mtoto wa miaka kumi na miwili haimfutii. Jambo ambalo habari hii ingebadilisha ni lingine kabisa: watu wawili walikaa miaka thelathini na saba, kila mmoja upande wake wa ziwa, kila mmoja akidhani ndiye aliyemwacha mwenzake. Mmoja alinyamaza akapanda michikichi. Mwingine alitusimamisha uani.

Usiku wangu wa mwisho mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza, na vijana walikuwa wanabeba taa na nyavu kwenda majini. Chumba kilibaki na mimi, ndugu yangu, na mtoto mmoja wa miaka kama minane aliyekuwa ameegemea mlango kwa kukosa pesa. Nilimlipia saa moja. Akacheza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna mahali pa kucheza ile sehemu ya Kessler anakimbia na watoto wake. Nilimwuliza ndugu yangu. Akasema hakuna, wanaonyesha picha tu, huwezi kuicheza.

Mtoto akauliza, sasa watoto walikuwa wanakula nini njiani?

Ndugu yangu akasema hajui, akamwambia acheze, saa inakwenda. Mimi nilitoka nje. Taa za wavuvi zilikuwa zimeshafika mbali, zimejipanga kuelekea upande wa Kongo, na mama mdogo alikuwa anaita kwamba chakula kinapoa.